Tumbo joto: kwa nini baharia hodari alikimbilia chooni kabla ya mashindano?

Nesi_wa_Zamu (mwenye uzi)

Asalaam aleikum wanajamvi.

Juzi mpwa wangu alikuwa baharia katika mashindano ya mashua pale Shela, Lamu. Kijana huyu hupanda mlingoti bahari imechafuka, na huku anaimba. Asubuhi ya mashindano tanga liko tayari kwenye foromali, nahodha anaita majina, mpwa haonekani. Kumbe yuko chooni kwa dada yangu, na hiyo ni mara ya pili. Ufuo mzima ulicheka. Wako waliosema ni pojo za jana usiku, na yuko mzee mmoja aliyeapa kwamba wapinzani wamemfanyia kitu.

Nami nilicheka, kisha nikakumbuka siku ya mtihani wangu wa mwisho wa unesi. Msimamizi alinisindikiza chooni mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza kama nimeficha karatasi huko.

Wazee wetu, mtu akiwa na hofu, walisema ana tumbo joto. Hawakusema kichwa joto wala goti joto. Nataka tulizungumze hilo, maana nimefanya kazi thieta, chumba cha upasuaji, miaka 11 na utumbo nimeuona ukiwa nje ya mwenyewe mara nyingi kuliko nilivyoiona bahari ya Kiwayu.

Kilichonishangaza mwanzo kabisa ni hiki. Mgonjwa amelazwa kwa dawa, hajijui hajitambui. Daktari ameutoa utumbo na kuulaza juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi. Ukiutazama vizuri utauona unajinyonganyonga. Hapa pamebana, pale pamelegea, wimbi limepita polepole likaenda zake. Mwenye mwili amelala fofofo na utumbo uko kazini.

Una neva zake wenyewe, zile nyuzi zinazopeleka habari mwilini, ndiyo siri. Na nasema neva makusudi. Nikisema mshipa, nusu yenu mtafikiri damu, na nusu ya pili, watu wa Pwani nawajua, mtafikiri ngiri.

Ukuta wa utumbo una tabaka mbili za misuli. Moja imeuzunguka kama pete za pipa, nyingine imelala kwa urefu. Baina ya tabaka hizo umetandazwa wavu wa neva, na wavu wa pili uko chini ya ule utando wa ndani unaoguswa na chakula. Wa kwanza una jina la Auerbach, wa pili la Meissner, Wajerumani wawili wa karne ya 19. Ule wa Auerbach kazi yake kubwa ni kusukuma. Wa Meissner unashughulika na majimaji, ute, na damu ipite kiasi gani ukutani. Seli za neva zilizomo humo zinapita milioni 100.

Tonge likifika mahali, ukuta unatanuka, seli za utando zinamwaga kemikali iitwayo serotonini, neva zinazinduka. Nyuma ya tonge misuli inabana, mbele yake inalegea, tonge linasogea, na mchezo unaanza upya. Mwaka 1899 Waingereza wawili, Bayliss na Starling, walikata neva zote zinazotoka nje kuja kwenye utumbo wa mbwa. Utumbo ukaendelea kusukuma kama kwamba hakuna kilichotokea, tena kwa kuelekea upande uleule wa siku zote.

Ya mpwa nitaijibu mwisho. Ulizeni kwanza.

Binti_Langoni

Waaleikum salaam kaka nesi. Nimetandika mkeka wangu hapa mbele kabisa.

Swali langu lina aibu kidogo. Ramadhani, ikifika alasiri, tumbo langu hunguruma mpaka aliye kando yangu katika safu ananikata jicho. Na wala sioni njaa. Linapiga kelele za nini na hamna kitu ndani?

Nesi_wa_Zamu

Linapiga kelele kwa sababu hamna kitu ndani, dada yangu. Tumbo likimaliza kazi ya chakula halikai bure, linafagia. Kila baada ya dakika 90 hivi, au hata saa mbili, wimbi zito linaanzia tumboni na kuteremka utumbo mwembamba wote mpaka mwisho wake, likikokota mabaki, ute, seli zilizokufa na vijidudu kuvipeleka utumbo mpana. Mle ndani mna hewa na majimaji kidogo. Chupa iliyojaa ukiitikisa hailii, ila yenye maji nusu utaisikia.

Ukitia tonge la kwanza la futari, ufagio unawekwa pembeni na utumbo unaanza kazi nyingine ya kukoroga na kuchanganya. Kwa hiyo wale wanaotafunatafuna kutwa nzima, mara bajia, mara kaimati, mfagizi wao hapati nafasi. Si dhambi, lakini wakilalamika kujaa gesi nawauliza kwanza habari za bajia.

Na huyo aliye kando yako lake pia linanguruma. Halina spika tu.

Baraza_ya_Jeti

😂😂 halina spika

Mzee_wa_Kizingitini

Wanangu, nasomewa na mjukuu, hivyo nikikosea herufi mlaumuni yeye.

Nesi, sisi wavuvi neva hatukufundishwa shuleni, tumefundishwa na bunju, yule samaki mwenye sumu. Ujanani mwangu mtu alimla, akidhani amemsafisha vizuri. Kwanza midomo ikafa ganzi, kisha ulimi, kisha vidole. Akili yake timamu, anatutazama tu, na pumzi inazidi kuwa nzito. Mungu akamjaalia akapona, lakini siku ile sikuisahau. Sasa nauliza. Ikiwa tumbo lina neva zake, nalo hufa ganzi?

Nesi_wa_Zamu

Shikamoo mzee wangu. Hujui umeuliza swali gani.

Ile sumu ya bunju wanasayansi wanaiita tetrodotoksini. Inaziba vijilango ambavyo neva hupitishia chumvi ya sodiamu, na neva isiyopitisha sodiamu haina ujumbe. Ndiyo ganzi ile, na ndiyo sababu pumzi hukatika, kwa kuwa misuli ya kifua haipati amri. Sasa wataalamu waliichukua sumu hiyohiyo wakaigeuza chombo cha kazi. Wanachukua kipande cha utumbo wa mnyama, wanakiweka kwenye bakuli la maji ya chumvi yenye joto na oksijeni. Kipande kile, peke yake bakulini, kinasukuma. Wakidondosha sumu, kusukuma kwa mpangilio kunakoma. Kwa hiyo ndiyo mzee, nalo hufa ganzi.

Lakini kuna kitu hakifi. Ukuta wa utumbo una mapigo madogo ya umeme, tumboni kama mara 3 kwa dakika, mwanzo wa utumbo mwembamba kama mara 12, na yanapungua kadiri unavyoteremka. Mapigo hayo sumu ya bunju haiyazimi. Yanatoka kwenye seli zinazoitwa seli za Cajal, kwa jina la Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1906. Mwenyewe alizidhania neva. Si neva. Nikizitazama naona wapiga matari wa Maulidi: wao wanashika mapigo usiku kucha, na neva ndizo zinazoamua safu isimame icheze au ikae ipumzike.

Mzee_wa_Kizingitini

Basi bunju ana elimu. Na bado hatumli.

Mwalimu_wa_Bayolojia

Nesi, uzi mzuri ila punguza chumvi. Umewafanya watu waamini ubongo hauna kazi tumboni. Na kumeza je? Na kubana choo mpaka ufike nyumbani?

Nesi_wa_Zamu

Mwalimu, nakubali, nilinogewa. Niseme hivi: ubongo una nguvu zaidi kwenye bandari mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Kumeza unaanza wewe kwa hiari yako, lakini tonge likishapita koo huwezi kulirudisha kwa kutaka tu. Shina la ubongo limelichukua na kulikabidhi umio. Kule mwisho pia kuna vizibo viwili. Cha ndani hakikusikilizi, choo kikifika kinalegea chenyewe. Cha nje ni misuli ya hiari, chako wewe, na neva yake inatoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Ndicho kinachokuokoa ukiwa ndani ya boti baina ya Mokowe na Amu.

Katikati ya bandari hizo mbili, utumbo unajiendesha kwa sehemu kubwa, na ubongo unachofanya ni kuongeza au kupunguza kasi.

Mmalindi_Asilia

Salamu kutoka Malindi. Mimi nina hili: asubuhi nikinywa chai na mahamri mawili, dakika kumi hazipiti lazima nikimbie. Mke wangu anasema tumbo langu ni bomba lisilo na kona. Inawezekana chakula kupita haraka hivyo?

Nesi_wa_Zamu

Haiwezekani. Unachokwenda kukitoa ni cha jana au juzi, mahamri bado yako tumboni yanalainishwa. Tumbo likitanuka linapeleka habari kwamba mzigo mpya umeingia, na utumbo mpana unaitika kwa kusukuma mzigo wa zamani. Asubuhi ndipo utumbo mpana unapoamka kwa nguvu, na chai ya moto inauchochea zaidi. Watoto wachanga wananyonya na kuchafua nepi papo hapo kwa sababu hiyo. Mwambie shemeji kwamba bomba lako lina kona zote.

Hapo ndipo inapoingia neva inayoitwa vagasi. Jina lake kwa Kilatini ni mzururaji, na kweli inazurura: inatoka shina la ubongo, inapita shingoni, inagusa moyo na mapafu, inatoboa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na kuenea tumboni. Watu hudhani ni njia ya amri kutoka juu. Sivyo. Nyuzi zake kama asilimia 80 zinapeleka habari kutoka chini kwenda kichwani: tumbo limejaa, kuna mafuta, kuna kitu kimechacha, tayarisha kutapika.

Sisi tulioishi ugatuzi tangu 2013 tutaelewa upesi. Utumbo ni kaunti. Una wafanyakazi wake, bajeti yake, barabara zake. Makao makuu yanatuma amri chache, na ripoti nyingi zinatoka chini. Tofauti ni kwamba makao makuu haya yanazisoma hizo ripoti.

Baraza_ya_Jeti

Hiyo sentensi ya mwisho ingewekwa kwenye kanga.

Kijana_wa_Mitandao

Hii yote niliiona kwenye video. Tumbo ni UBONGO WA PILI. Asilimia 90 ya serotonini, homoni ya furaha, iko tumboni. Kula ndizi, furaha inapanda kichwani. Mbona nesi hasemi?

Nesi_wa_Zamu

Sisemi kwa sababu nusu si kweli. Serotonini nyingi ya mwili ipo utumboni, hilo sawa. Lakini ile ya utumboni haivuki kuingia kwenye ubongo, mlango umefungwa, na ubongo hujitengenezea ya kwake. Huku chini kazi yake si furaha. Inaamsha neva za kusukuma, na ikimwagwa kwa wingi inaamsha kichefuchefu. Wagonjwa wa saratani wakitiwa dawa kali, utando wa utumbo unaimwaga kupita kiasi na wanatapika vibaya, ndiyo sababu tunawapa ondansetroni, dawa inayoziba masikio ya neva zisiisikie.

Hilo jina la ubongo wa pili silipendi sana. Utumbo hauwazi, hauna kumbukumbu ya shule wala ndoto. Ndizi kula, ni tamu.

Kijana_wa_Mitandao

Sawa shekhe. Lakini video ilikuwa na watu milioni moja.

Mama_Twalib

Kaka nesi samahani kwa kuingilia. Mama mkwe wangu anasema haya mambo ya neva ni maneno ya hospitali, ugonjwa ni chango. Nauliza kwa sababu mwanangu wa kiume ana miezi minne, anapata choo mara moja kwa juma, mara nyingine siku tisa. Tumbo limemvimba kama ngoma. Nilimpeleka zahanati moja wakasema ni gesi, nikapewa dawa ya gesi. Mama mkwe amemfunga uzi kiunoni. Sijui nimsikilize nani.

Nesi_wa_Zamu

Mama Twalib, usiombe samahani. Naacha mengine yote kwanza.

Nijibu haya: choo chake cha kwanza kabisa, kile cheusi kinachonata kama lami, alikitoa lini baada ya kuzaliwa? Ananyonya tu au anapewa maziwa ya kopo? Choo kikitoka ni laini au kigumu? Anatapika, na matapishi yana rangi gani? Anaongezeka uzito?

Mama_Twalib

Choo cheusi kilitoka siku ya nne. Bibi alimtia kipande cha sabuni ndipo kikatoka, kikaruka kwa kishindo. Ananyonya tu. Choo kikitoka ni laini lakini kinanuka sana, kinatoka kwa wingi na hewa. Anatapika mara mojamoja, maziwa. Uzito kadi inaonyesha haupandi tangu mwezi wa pili.

Nesi_wa_Zamu

Nakushukuru kwa kueleza vizuri. Sikiliza kwa utulivu, kisha fanya ninayokwambia.

Mtoto anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa, hata juma, bila choo na akawa mzima, mradi choo ni laini, tumbo halijavimba, na uzito unapanda. Kwa hiyo siku tisa peke yake hazinitishi. Kinachonitia wasiwasi ni siku ya nne ile, tumbo lililovimba, na uzito uliosimama. Mtoto aliyetimiza miezi yake hutoa choo cheusi ndani ya saa 48, wengi hata kabla ya 24.

Kuna ugonjwa unaoitwa Hirschsprung, jina la daktari wa watoto wa Copenhagen aliyeueleza mwaka 1886. Ni huu uzi wetu kabisa. Mimba ikiwa changa, seli zitakazokuwa neva za utumbo hazizaliwi utumboni. Zinatoka upande wa mgongo na ubongo wa kijusi, zinaingia utumbo kwa juu na kusafiri kuteremka, zikiacha wenzao njiani mpaka zifike mwisho. Kwa mtoto mmoja katika kila 5,000 hivi, msafara hukatika kabla ya kufika. Sehemu ya mwisho inabaki bila neva. Na misuli isiyo na neva ya kuiambia ilegee, hubana, siku zote. Choo kinafika hapo kinagonga mlango uliofungwa, kinarudi kujaa nyuma, tumbo linavimba. Ukitia kidole au sabuni mlango unafunguka kwa muda na choo kinaruka kwa kishindo, kama ulivyosema. Wavulana hupatwa zaidi kuliko wasichana.

Sijasema mwanao anao. Siwezi kusema hivyo kwa simu. Nasema aende hospitali kubwa yenye daktari wa upasuaji wa watoto, na kadi yake ya kliniki, na useme maneno haya: choo cha kwanza siku ya nne, tumbo limevimba, uzito haupandi. Watampiga picha kwa dawa inayong'aa, na wakiona haja watachukua kinyama kidogo sana cha utumbo wa mwisho kutazama kama neva zipo. Zikikosekana, kuna operesheni: ile sehemu isiyo na neva inaondolewa na iliyo nzima inavutwa kuteremka ishikizwe chini. Nimesimama kwenye operesheni kama hiyo.

Akipata homa, akiharisha maji yanayonuka vibaya, akilegea, au akitapika kijani, usingoje asubuhi. Hata kama ni usiku na boti hakuna, tafuta boti.

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye. Chango kwa Kiswahili cha zamani ni utumbo wenyewe, hivyo anaposema ni chango hajakosea mahali, amekosea dawa tu. Uzi wa kiunoni uache ikiwa haumbani. Sabuni iacheni kabisa, inaunguza utando.

Binti_Langoni

Mama Twalib, niandikie faragha. Nina shangazi Mombasa, nyumba iko karibu na hospitali, utafikia huko.

Mzee_wa_Kizingitini

Na boti ikiwa shida usiku, niandikieni. Nina vijana.

Baraza_ya_Jeti

Allah amjaalie afya mtoto. Narudi kwenye uzi kwa adabu. Mimi mtu wa miraa, sifichi. Siku za kutafuna njaa siioni, na choo kinakuwa jiwe siku mbili. Ni maji tu sinywi au kuna neva humo?

Nesi_wa_Zamu

Vyote viwili. Miraa, na muguka vilevile, ina kathinoni, na kathinoni inaamsha upande ule wa neva unaoamka mtu akikabiliwa na hatari. Tumbo linachelewa kumwaga chakula, hamu ya kula inakimbia, utumbo unazembea. Unajiona shujaa, na utumbo wako unaamini kuna chui.

Wanaotumia unga, yaani heroini, choo kinawakaukia kwa njia nyingine. Utumbo una vipokezi vya dawa za jamii ya afyuni palepale kwenye wavu wa Auerbach, zikitua hapo kusukuma kunalala. Loperamidi, ile ya kuzuia kuharisha inayouzwa duka la dawa, hupita mlango huohuo, ila yenyewe haifiki ubongoni kwa kiasi cha kawaida.

Baraza_ya_Jeti

Hiyo ya chui umenionea. Lakini nitakunywa maji.

Mwalimu_wa_Bayolojia

Nesi, mpwa. Tunangoja tangu Jumatatu.

Nesi_wa_Zamu

Haya. Wengi mmefundishwa kwamba hofu husimamisha tumbo. Ukiogopa, neva za hatari zinapeleka damu miguuni, mate yanakauka, tumbo linagoma kumwaga. Ni kweli, na ndiyo lile jiwe unalolisikia chembe cha moyo. Lakini kama hofu inasimamisha kila kitu, mpwa alikuwa anakimbilia nini?

Jibu ni kwamba amri ya hofu si moja. Ubongo ukiona jambo zito linakuja unatoa kemikali ya kuanzisha msukosuko wa mwili mzima, na kemikali hiyo inasema maneno mawili tofauti kwa watu wawili. Kwa tumbo la juu inasema simama. Kwa utumbo mpana, kupitia neva zinazotoka chini ya uti wa mgongo, inasema toa. Kwa hiyo kwa saa moja mtu huyohuyo hawezi kumeza mkate na hawezi kukaa mbali na choo. Juu pamefungwa, chini pamefunguliwa. Na kwa kuwa utumbo mpana unasukuma kabla haujafyonza maji yote, kinachotoka ni chepesi. Hakuna pojo wala mchawi hapo.

Ushahidi wa kwanza wa macho ulipatikana kwa ajali. Mwaka 1822, huko Mackinac, Marekani, kijana wa biashara ya ngozi aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bahati mbaya. Akapona, lakini tundu la tumboni halikuziba. Daktari William Beaumont alilitumia tundu lile kama dirisha miaka mingi, akifunga chakula kwa uzi na kukitumbukiza ndani. Aliona kijana akikasirika au kuogopa, utando wa tumbo unabadilika rangi na juisi inaharibika. Kitabu chake kilitoka 1833 na sifa ni za daktari. Mimi huwa namfikiria zaidi St. Martin, mtumishi aliyechunguliwa tumbo kama chungu. Alipokufa mwaka 1880 jamaa zake waliuacha mwili uoze kwanza ndipo wakauzika, ili madaktari wasije wakauiba.

Na thieta kwetu, utumbo ulioshikwashikwa hugoma. Mwembamba huamka upesi, mpana huchukua siku mbili au tatu. Ndiyo maana daktari akija asubuhi anamuuliza mama mzima aliyejifungua kwa upasuaji, mbele ya wakwe, "umetoa hewa?" Si utovu wa adabu. Anauliza kama kaunti imefungua ofisi. Siku hizi tunawapa na chingamu watafune, mdomo ukitafuna vagasi inaambiwa chakula kinakuja, na utumbo unaamka mapema.

Mama_Twalib

Nimefika Mombasa tangu jana, kwa shangazi wa Binti Langoni. Wamempiga picha. Daktari aliponisikia nikisema siku ya nne alinyanyua kichwa akaacha kuandika. Wanachukua kinyama Alhamisi. Tumbo limepungua baada ya kumsafisha, usiku amelala.

Nesi_wa_Zamu

Alhamdulillahi. Tuko nawe. Andika utakapopata nafasi, usijilazimishe.

Tanga_Mbili

Mjomba, hivi uzi mzima huu unanihusu mimi? Nimetumiwa na watu watano. Hata mwalimu wangu wa madrasa ameusoma.

Nesi_wa_Zamu

Sikutaja jina, mpwa wangu.

Tanga_Mbili

Shela nzima inajua ni nani alikuwa chooni! Na tumbo lilinyamaza lenyewe tulipotweka tanga, sijui neva gani hiyo. Halafu ukiandika, andika sawa. Haikuwa mara mbili. Zilikuwa nne, mbili nilikwenda kwa jirani ili mama asihesabu.